Mwanzi Mzito wa Mjomba Shee

Siku yenyewe naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Nimeikalia kimya miaka mingi. Leo umenitibua mwenyewe. Umeingia na ufito wako mpya wa kuvulia unaong'aa, umeugonga kwenye mwimo wa mlango wangu bila hata kuomba radhi, kisha ukaniambia kwa furaha, "Babu, shika uone ulivyo mwepesi!" Nikakuuliza waenda kuvua nini. Ukasema chewa. Chewa! Kwa kijiti hicho! Basi kaa chini. Huendi popote asubuhi hii mpaka umenisikiliza.

Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha karibuni, na watu walikuwa wanaweza tena kukaa kwenye miamba ya Ras Serani kuvua bila kufukuzwa na askari. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, nikalelewa na kaka wa mama yangu, Mjomba Shee, hapa hapa Kibokoni. Kazi yake ilikuwa kuchonga milango. Ukipita Mji wa Kale leo ukaona mlango wenye maua yaliyopangana bila kuachana hata upana wa unywele, simama uutazame, huenda ni kazi ya mkono wake. Alikuwa mkali, lakini mikono yake ilikuwa mipole kuliko ya mama yangu. Na asubuhi moja kila wiki aliiacha patasi, akachukua mwanzi wake, akaenda kuvua chewa, ambaye sisi watu wa Mvita twamwita tewa.

Sasa nikwambie juu ya tewa, maana naona hujui lolote na aliyekuuzia hicho kijiti naye hajui. Tewa hakai maji ya wazi. Ana shimo lake ndani ya mwamba, anatoka kidogo, anameza chambo, halafu anageuka kurudi kwake. Ukimpa nafasi hata ya pima moja amekwisha kuingia, anatanua mapezi na mashavu, anakaza humo ndani, na mshipi wako unakatikia kwenye jiwe. Kwa hivyo kazi yote ni pale anapogeuka. Mwanzi mwepesi unakunjika, na ukikunjika umempa njia. Mwanzi mzito unakataa. Unakuchosha mabega, unakuchubua paja, lakini unakataa.

Mwanzi wa mjomba ulikuwa mwanzi dume, mnene wa nyama, mafundo yake yametokeza. Aliukausha miaka miwili juu ya moshi wa jiko, akiupaka mafuta ya papa kila mwezi, nyumba nzima ikinuka na mama yangu akilalamika. Na alikuwa na namna yake ya kuupima. Kila tulipotaka kwenda, alinyosha mkono mmoja, akaushika mwanzi shinani, akausimamisha mbele yake bila kuegemea popote, akasoma sura ya Alhamdu taratibu. Alikuwa akisema, "Ukifika Amin na mkono hautetemeki, hunu si wa tewa. Urudishe." Alinifunza hivyo tangu nilipoweza kubeba. Ndiyo maana nakukasirikia wewe kidogo, na mimi mwenyewe sana. Wewe hukufunzwa. Mimi nilifunzwa.

Mwaka huo nilikuwa nimechumbia. Msichana alikuwa Zuhura, bibi yako, Mungu amrehemu, na kwao kulikuwa Ndia Kuu, ghorofani. Katika ukoo wetu bwana harusi hakutuma samaki wa sokoni siku ya kupeleka mahari. Alivua tewa mwenyewe, akampeleka mzima na kichwa chake, ili wakwe wajue kwamba binti yao anakwenda kwa mtu anayeweza kushika kitu kisimponyoke. Mjomba alinipa mwanzi wake wiki mbili kabla, niuzoee. Yeye upande wake alikuwa amekwisha anza kuchonga mlango, zawadi yake ya harusi kwetu.

Basi nikawa nauchukua ule mwanzi kila asubuhi kwenda Ras Serani, na njia ilikuwa lazima ipite Ndia Kuu. Wewe hujui tabu ya kupita na mwanzi wa pima tatu kwenye vichochoro vyetu. Kwenye kila kona unausimamisha wima, unagonga roshani za watu, unapiga kelele, "Simile! Simile!" watu wakupishe, na jasho linakutoka, na wazee walioko barazani wanakuuliza kama umebeba mlingoti. Siku moja nilipofika chini ya dirisha la kina Zuhura nikasikia kicheko cha wasichana kule juu. Nikainua macho. Dirisha likafungwa, kicheko kikaendelea.

Mwanangu, sijui nikuelezeje. Masikio yaliwaka moto. Nilijiona punda wa chokaa.

Hatua chache mbele kulikuwa na duka la Mhindi mmoja wa Kibohora, mzee mpole, na dirishani kwake alikuwa ametundika ufito wa kizungu, mwembamba, umepakwa vanishi, unang'aa. Niliingia nikamwomba anishikishe. Ulikuwa mwepesi, mkono ukacheka. Nikamuuliza kama unafaa tewa. Yule mzee alikuwa na bidhaa ya kuuza na mteja mbele yake, lakini akatikisa kichwa. "Hapana, kijana. Hii ya samaki dogo. Tewa itavunja. Wewe iko na mwanzi ya mjomba yako, tumia ile."

Mtu mwenye akili angeshukuru akaenda zake. Mimi nilitoka na wazo. Niliuchukua mwanzi wa mjomba mpaka Bondeni, kwa seremala mmoja aitwaye Fundi Kombo, nikamwambia aupige randa, aondoe mafundo yote, aupunguze unene, kisha aupake vanishi. Fundi Kombo aliugeuza geuza mikononi. Akaniuliza, "Mwenyewe yuwajua?" Nikamjibu, "Ndiye alonituma." Hivyo hivyo, bila kupepesa jicho. Nilisimama pale nikautazama ukivuliwa ngozi yake, maganda yakianguka sakafuni, na nilifurahi. Nilifurahi, mpumbavu mimi! Nguvu ya mwanzi yote iko kwenye ngozi na mafundo, kila mtoto wa pwani analijua hilo, na mimi nilisimama nikaitazama inafagiliwa.

Kesho yake nilipita Ndia Kuu na mwanzi mwembamba wa kung'aa, begani kama si kitu. Hakuna aliyecheka. Nikajiona mwanamume kweli kweli. Jioni sikurudi nao nyumbani, niliuficha miambani mjomba asiuone.

Siku yenyewe ilipofika mjomba alinifuata kwenye miamba baada ya sala ya alfajiri. Kulikuwa kunapambazuka tu, bado giza giza, maji yanajaa. Alinikuta nimekwisha funga chambo cha pweza. Akautazama mwanzi.

"Wang'aa," akasema. "Umeufanyani?"

"Nimeupaka vanishi, mjomba, kwa ajili ya siku ya leo."

"Umeupima?"

Nikamwangalia usoni. "Nimeupima, mjomba."

Hapo ndipo penye kiini cha hadithi hii, mwanangu. Mengine yote yametoka hapo. Aliniamini. Hakunyosha mkono kuushika, hakusoma Alhamdu. Alikaa nyuma yangu juu ya jiwe, akatoa tasbihi yake, akaanza kuvuta uradi.

Jua lilikuwa limepanda kidogo pale tewa aliposhika. Hakuwa wa mchezo. Mwanzi ulikunjika mpaka ncha ikagusa maji, na nilihisi kabisa anageuka kwenda shimoni kwake. Miguu yangu ikaanza kuteleza. Mjomba akaruka, akapiga kelele, "Usimpe ndia! Usimpe!" akaudaka mwanzi juu ya mikono yangu, akanisukuma kando, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, kama alivyofanya miaka yote na mwanzi ule.

Nilikuwa na muda wa kusema. Sikiliza vizuri hili, kwa sababu wachache niliowahadithia zamani walinihurumia hapa na mimi sitaki huruma. Muda ulikuwepo. Neno moja tu, "Uwate, mjomba!" yaani uachie, lingetosha. Nilifungua mdomo nikaona aibu. Nikaona kwamba nikisema atajua, na nikatumaini labda utahimili. Nikaufunga mdomo.

Ukakatika pale palipokuwa na fundo. Mjomba alikwenda chali juu ya mwamba, na mkono wa kulia ukaingia kwenye ufa wa jiwe, mwili ukaangukia upande wa pili. Nilisikia mfupa. Mpaka leo nikisikia mtu anavunja ukuni nainuka natoka.

Muunga mifupa alikuja akafanya alichoweza, na hospitali tulikwenda pia. Mkono ukapona kwa maana ya kwamba maumivu yaliisha. Vidole havikukunjika tena. Hakuweza kushika patasi, hakuweza kushika nyundo, wala kijiko cha uji.

Siku ya tatu aliniita. Alikuwa kitandani, na kipande cha mwanzi amekilaza kifuani. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, nilitamani kupigwa. Alipitisha kidole gumba cha mkono wa kushoto pale palipokatikia, pole pole.

"Fundo li wapi?"

"Nimelitoa, mjomba. Kwa Fundi Kombo."

"Kwani lilikukosani?"

Nikamwambia. Juu ya vichochoro, juu ya dirisha, juu ya kicheko. Nikimwambia nikawa nasikia jinsi maneno yenyewe yalivyo madogo. Uso wake ulibadilika rangi. Sijawahi kumwona mtu amekasirika vile, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Sikiza. Kuupiga randa ni ujinga, na ujinga wa kijana nausamehe leo leo. Lakini nalikuuliza. Ukanitizama matoni, ukanambia umeupima. Mimi sikuushika mwanzi, mwanangu. Naliushika ulimi wako. Toka mbele yangu mpaka n'kwite."

Hakuniita kwa siku arubaini. Tulikuwa nyumba moja, tunapishana ngazini, na hakuniita.

Samaki wa mahari alinunuliwa sokoni, kwa amri yake mwenyewe, na wakwe wakaelezwa ukweli wote, kwa amri yake vile vile. Mimi ndiye niliyetakiwa kueleza, mbele ya wazee wa Zuhura, nimesimama. Kisha baba yake akasema ndoa iko pale pale, lakini itangojea mpaka Shee aweze kukaa msikitini. Na siku ya nikaha mjomba alikuja, akanipa mkono wa kushoto. Wewe unajua kwetu hakuna mwenye adabu anayempa mtu mkono wa kushoto. Alinipa huo kwa sababu vidole vya kulia vilikuwa havikunjiki, na msikiti mzima uliona.

Miaka mingi baadaye, siku moja tunakula, nilimuuliza bibi yako kwa nini walinicheka dirishani. Akashangaa. Akasema hawakunicheka mimi. Nyuma yangu kulikuwa na paka aliyefuata harufu ya pweza, na kila nilipopiga kelele "Simile!" alikuwa akikaa chini kwa adabu akingoja. Wakamcheka paka. Kuhusu mwanzi, akasema, mama yake alikuwa amemwita aje atazame: kijana yule abeba mzigo wake bila kunung'unika, huyo tumpe. Niliinuka nikaiacha sahani yangu. Nilipasua gilasi ukutani, na sijawahi kupasua kitu nyumbani mwangu kabla wala baada ya hapo.

Mjomba alinisamehe kwa mdomo wake kabla hajafa, kweli kweli, na machozi. Hasira iliyobaki ni yangu mimi kwa mimi, na leo umenifanya niimwage juu yako. Vumilia.

Mwanangu, ninachotaka ukishike ni hiki. Unapochagua chombo, mfikirie samaki unayemfuata, usiwafikirie walioko madirishani. Wengi wao hata hawakutazami. Kama kazi ni nzito, kubali uzito wake ukuumize bega, kwa maana bega hupona. Na kama umekwisha kukosea, umepunguza kitu kisichofaa kupunguzwa, sema. Sema mapema, sema ukiwa na aibu, sema hata kama samaki ameshashika. Usimwache mtu akaegemea kitu unachojua wewe peke yako kwamba ni kibovu. Ujinga wako utasamehewa, lakini mkono wa mwenzio hutaweza kumrudishia.

Geuka sasa uutazame mlango huu ulioupiga na ufito wako. Umekuwa ukiniuliza tangu mdogo kwa nini mwimo wa kulia una maua kutoka juu mpaka chini, na wa kushoto maua yameishia katikati, chini yake ubao mtupu. Nilikuwa nakwambia fundi alichoka. Nilikudanganya. Ndio huo mlango wa harusi yangu. Pale maua yanapokoma ndipo alipoweka patasi chini jioni, ili kesho yake aende nami kuvua. Mafundi wengi wamekuja kuomba wamalizie, nami nimewafukuza wote.

Haya, simama. Mola akupe mkono wenye nguvu na ulimi ulionyoka, akulinde na aibu inayofunga midomo, na watakaokutegemea awajaalie wasidhurike kwa ajili yako. Sasa shika huo ufito wako shinani, kwa mkono mmoja. Unyoshe mbele. Soma Alhamdu taratibu, na ukifika Amin usiniangalie mimi. Utazame mkono wako, kisha uniambie kweli.