Sauti Yangu Ndani ya Programu ya Nekesa

Jamani, mdomo wangu umeniponza. Mjukuu wangu Nekesa, yuko Kitale, anatengeneza programu ya simu inayosikia wakulima wakieleza magonjwa ya mahindi. Akanirekodi. "Kukhu," ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "ongea chochote, ni ya kujaribu tu." Mimi najua kujaribu kwa kanisani: unapayuka kwa maiki, maneno yanaenda na upepo. Basi nikamsema Rispa Nanjala wa Bungoma, mama ya Simiyu, mchumba wa Nekesa, ati ni mchoyo, akisikia hodi anafunika sufuria.

Kumbe Nekesa aliihifadhi ile sauti pamoja na programu yenyewe, wawe wanaijaribu nayo kila wakibadilisha kitu; programu ndiyo inasikiliza, si wao. Anayeichukua programu anaichukua na sauti. Na Simiyu ndiye mwenzake wa kazi.

Juzi Simiyu na mama yake wakaja kwetu kuongea mahari. Simiyu akataka kutuonyesha kazi yake na Nekesa.

"Mama, hata sauti ya Kukhu imo humu."

"Si tule kwanza, bana!" nikasema.

Alikuwa ameshabonyeza. Nilijisikia nikicheka mle ndani kama mwendawazimu. Rispa alisikiliza mpaka mwisho, akachukua mkoba wake.

"Simiyu, inuka twende."

Simiyu akamtazama Nekesa. Kisha akainuka.