Mama Hataki Kucheka Peke Yake

Jamani, leo mama yangu amekishinda kisanduku changu kipya.

Ni kisanduku kidogo tu. Unachomeka antena, nacho kinatuma televizio kwenye kila kompyuta ya nyumba kupitia waifai. Asubuhi yote nimehangaika nacho mpaka kikakubali!

Mke wangu akabeba kompyuta yake chumbani. Binti yetu Neema, chumbani kwake.

Mama, aliyetoka Luvungi kutusalimia, nikamkalisha sebuleni, kwenye salo, mbele ya skrini kubwa. Mchezo wa kuigiza ukaanza.

"Wengine wako wapi?"

"Kila muntu iko anaangalia kwake, mama. Hakuna tena kugombania."

Akaangalia viti vitupu pembeni yake.

"Sasa miye nitacheka na nani?"

Hapo nikaiona tena nyumba yetu ya utotoni, kule mtaani Kimanga. Televizio moja ya marehemu baba, majirani kwenye mikeka mpaka mlangoni, kaka yangu juu ya bati akigeuza antena, na sisi tunapiga kelele: "Hapo hapo! Usiguse tena!" Picha mbaya kabisa, na hakuna aliyejali.

Kugeuka, mama hayupo! Kumbe amekwenda kukaa kitandani kwa Neema. Kicheko cha mama kikamvuta na mke wangu.

Nikawafuata. Tukabanana wanne, kompyuta juu ya mto, mama anamuuliza Neema: "Na huyu ni bwana ya nani?"

Mchezo wenyewe sikuufuata. Nilikuwa namwangalia mama.

Nyinyi je, zamani mulikuwa munaangalia televizio kwa nani?