Niliambiwa Njia ni Salama Kwa Sababu Mzigo Unafika

Admin, pole na kazi. Naomba hili ulipandishe bila jina langu, maana hapa Guangzhou Waswahili tunajuana hadi vikohozi, na mume wangu akijua nimeyatoa nje sijui uso nitauweka wapi.

Mimi ni mwanamke wa miaka 27, kwetu Morogoro. Nilikuja China kwa skolashipu, nikamaliza chuo, na badala ya kurudi nyumbani na cheti nikaolewa. Mume wangu ni Mkongomani, anafanya biashara ya viatu, na tunaishi huku Xiaobei ambako wafanyabiashara wa Kiafrika tumejazana. Ni mpole, hajawahi kuninyanyasa, ananipikia hata nikiwa mzima. Nalisema hili mapema kwa sababu nawajua, mtakimbilia kuniambia niachane naye. Tuna mtoto mmoja wa miezi tisa, nimwite Neema.

Mama mkwe anaumwa sana. Kwao ni mashariki ya Kongo, na ukishuka kwenye ndege bado kuna safari ya barabara kutwa nzima, inapita porini, sehemu ambazo watu wenye bunduki husimamisha magari. Mama anataka kumpakata mjukuu wake kabla hajafumba macho. Siku hizi kwenye simu sauti yake imebaki kidogo tu. "Mumulete nimuone, mwanangu. Picha haibebeke." Jamani, ningekataaje? Mume wangu akakata tiketi za sote watatu, tunaondoka Jumamosi.

Kuuliza si ujinga, nami niliuliza. Lakini hapa Xiaobei tuna mtindo wetu. Mtu akitaka kujua kwao kumetulia au kumechafuka, haendi ubalozini wala hasomi magazeti, anakwenda ofisi ya kago. Wakiwa bado wanapokea mizigo ya mji huo, basi njia ni nzima. Wakikataa, tulia ulipo. Nimeishi kwa kanuni hiyo tangu niolewe. Nikaenda kwa mama mmoja Mkongomani anayepokea mizigo, nimwite Maman Odette.

"C'est calme, maman, kumetulia," alinijibu huku akizungushia boksi selotepu. "Mizigo inafika. Viatu ya bwana yako ilifika yote, hata peya moja haikupotea."

Nilitoka pale kifua mbele. Nikapitia sokoni nikamnunulia Neema sweta la kuvaa akienda kumwona bibi yake.

Juzi nikarudi kupima uzito wa masanduku yetu. Maman Odette akanitazama. "Unaenda weye pia? Na mutoto?" Nikamwambia ndiyo, si ulisema njia ni salama? "Nilisema mizigo," akajibu, akaacha kazi yake, akanikalisha juu ya robota. Akaniuliza kama mume wangu hajanieleza habari za mdogo wake. Nikasema shemeji yangu yuko kwao, mzima wa afya.

Ndipo akaniambia. Vile viatu vilisindikizwa na shemeji yangu mwenyewe. Kwenye kizuizi kimoja porini dereva alitoa chochote, lori likaruhusiwa kupita, lakini yeye na wanaume wengine waliokuwa juu ya mzigo wakashushwa. Mpaka leo hajaonekana. Viatu vilifika, mtu hakufika. Na mimi na akili zangu za chuo kikuu niliulizia viatu.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nilimkuta mume wangu anambembeleza mtoto, nikamuuliza hapo hapo mlangoni: "Mdogo wako yuko wapi?"

Alimlaza Neema kwanza. Kisha akakaa, akaanza kulia, na sijawahi kumwona akilia. "Sikupenda uogope," akasema. "Na mama hajui. Akijua, anakufa leo."

Nilimwonea huruma, kweli kabisa. Huyo ni damu yake. Lakini mdomo ninao, nikamuuliza: ikiwa ulijua, kwa nini usiende peke yako ukamwone mama yako, ukatuacha sisi huku? Afadhali nisingeuliza.

"Mwanaume peke yake wanamushusha," akasema akiangalia chini. "Mwenye mwanamuke na mutoto mudogo, wanamuachaka apite. Madereva yote wanajua."

Kumbe mimi na Neema ndio tulikuwa kibali chake cha kupita. Mtoto anayeota meno, anayelia akiona mtu mwenye ndevu, ndiye wa kumkinga baba yake na bunduki! Nilimpigia kelele hadi jirani Mchina akagonga ukuta. "Na siku hiyo wasipomwachia hata mwenye mtoto?" nikamuuliza.

Tangu hapo hanilazimishi, na hilo ndilo linaniua. Ametoa nguo zetu kwenye sanduku, amebakiza zake. Anasema mama yake hawezi kufa akitazama mlango, ataenda peke yake na liwalo na liwe. Mama naye anapiga simu kila siku. Namwekea Neema sikioni, anacheka, na bibi anacheka kule.

Nikienda, nampeleka mwanangu porini kwa mikono yangu. Nikibaki, namsindikiza mume wangu uwanja wa ndege nikijua kinachomngoja, na nikimzuia, mama anakufa hajaona mwana wala mjukuu. Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Ninawaandikia kutoka mgahawa wa intaneti, mtoto yuko mapajani, watu wananishangaa ninavyofuta machozi.

Asubuhi hii ameniuliza taratibu, bila hasira, huku akimfunga Neema vifungo vya sweta: "Kama si weye na mutoto, nani atanipitisha?"

Jumamosi ni keshokutwa. Ninyi mngemjibuje?