Hongo ya Kilomita ya Thelathini na Saba

Kilichonitoa Mpwapwa ni uongo wangu mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita mdogo wangu Tabitha aliolewa Tabora, mtaa wa Isevya, na kijana wa Kinyamwezi aitwaye Maganga. Baba yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mimi, kifungua mimba, ndiye niliyetakiwa kumshika mkono bibi harusi na kumwingiza kanisani. Sikwenda. Nilipiga simu nikasema miguu imevimba na daktari amenikataza kusafiri. Ukweli ni kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Natunza stoo ya shule ya sekondari, na safari niliyoizoea ni ya kutoka stoo hadi jikoni kuuliza kama chai iko tayari. Basi la mbali likipiga honi, mimi hufunga mlango wa stoo. Siku ya harusi nilikuwa uani natengeneza banda la kuku.

Mama alirudi kutoka harusini, akaliona banda jipya, akampigia Tabitha. Tangu siku hiyo mdogo wangu akawa ananitumia salamu za Krismasi tu, tena zile anazotumiwa kila mtu. Wakwe zake hakuwaambia chochote, kwa aibu. Wao wakaendelea kuiombea miguu yangu.

Kisha Desemba ukaja ujumbe wake: “Agosti kuna marathoni hapa Tabora. Nimekuandikisha, kilomita arobaini na mbili. Ukimaliza kabla hawajafunga, tutaongea.”

Miezi minane nilikimbia barabara ya kwenda Kongwa kila alfajiri. Wiki ya kwanza watu walitoka majumbani kuniuliza nani amezidiwa, maana kwetu mtu mzima hakimbii asubuhi bila msiba. Mke wangu alikuwa akinipokea mlangoni na beseni la maji ya chumvi, akiniuliza kama leo nimefika hata kwa yule jirani wa tatu. Mwezi wa saba nikaweza kilomita thelathini. Nilijivuna mpaka mama akaniambia punda wa majirani huenda mbali zaidi, tena na maji mgongoni.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, basi liliondoka Dodoma. Nilishika kiti cha mbele kwa mikono miwili kama vile mimi ndiye dereva. Tulipopita Bahi nikaanza kupumua, na Manyoni nikathubutu kutazama nje. Nchi hii nilikuwa naisikia tu. Misafara ya zamani ilipumzika kwetu Mpwapwa ikanywa maji, kisha ikaikabili hii njia ya ukame kwa miguu, Wanyamwezi na pembe na vitambaa mabegani, mbele kwenda pwani, nyuma kurudi Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo. Na katikati ya njia tulikaa sisi Wagogo tukiwatoza hongo, ushuru wa kupita, kwenye kila kisima. Ndiyo maana hadi leo Mgogo na Mnyamwezi ni watani. Anaweza kunitukana mbele ya watu, akachukua kofia yangu, nami sina ruhusa ya kununa.

Baada ya Itigi vichaka vilifunga pande zote mbili, vikavu, vya kijivu, bila nyumba. Hapo ndipo palipoitwa Mgunda Mkali. Watu walivuka siku kwa siku wakiwa na kibuyu kimoja cha maji, na aliyeanguka aliachwa. Mimi nilipavuka nikila mayai ya kuchemsha na kulalamika kwamba televisheni ya basi ina kelele. Nilipolifikiria hilo nikaacha kulalamika, ingawa yai la pili nililimaliza.

Saa tisa alasiri, Tabora. Hewa ilikuwa na harufu ya asali na vumbi, na barabara za mji zimepangwa kwa utulivu ambao sikuutarajia. Tabitha alikuwa stendi na mumewe. Akasema, “Shikamoo, kaka.” Nikasema, “Marahaba.” Halafu akaitazama miguu yangu, na maongezi yakaishia hapo.

Nyumbani Isevya walinipokea kama mfalme, jambo lililoniumiza zaidi kuliko matusi. Mama mkwe wa Tabitha aliniketisha, akaniletea karanga na matobolwa, viazi vile walivyovichemsha na kuvianika, vitamu kama vilikuwa vinanisubiri tangu harusi. Kisha akainama akayagusa magoti yangu na kusema Mungu ni mwema. Jumapili, akasema, atasimama kanisani kuwaeleza waumini kwamba miguu waliyoiombea imekimbia. Nilitafuna karanga nikitazama sakafu.

Aliyeniokoa kidogo ni dada wa baba yake Maganga, shangazi Nyamizi, mjane mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alinisalimia kwa Kigogo, “Mbukwenyi,” akauliza kama nimekuja na bakuli la kuombea au waniazime. Nami nikamuuliza kama bado wanabeba mizigo ya watu kama babu zao, maana begi langu ni zito. Alicheka akapiga paja. Lakini nilipoinuka kwenda kunawa, nilimwona ananitazama ninavyotembea.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, tulianza kutoka uwanjani. Vijana wa mbele walipotea kabla sijamaliza kufunga kamba vizuri. Sijapata kuona watu wakikimbia hivyo: hawakanyagi ardhi, wanaigusa tu, kama wanaogopa kuiamsha. Mmoja alikimbia na viatu vya matairi na akanipita akiwa anapiga soga na mwenzake. Nilibaki nyuma na daraja langu: mwalimu mmoja mnene, masista wawili, na mimi.

Njia ilielekea Kwihara, ileile ya misafara, mchanga mwekundu katikati ya mashamba ya karanga yaliyokwisha kung'olewa. Wanawake waliacha kazi wakaja barabarani na maji kwenye majagi, wakatusalimia, “Mwangaluka,” mmoja mmoja, kana kwamba tulikuwa wageni wa nyumba zao. Hakuna aliyenicheka. Bibi mmoja alitembea nami hatua ishirini akinipepea kwa ubao wa kufunikia chungu. Kilomita ya thelathini nilianza kuongea na magoti yangu mimi mwenyewe. Masista walinipita wakiniahidi sala, nikaona katika mji huu hakuna asiyeniombea.

Saa tano na dakika tano, kilomita ya thelathini na saba, njia iliingia Isevya. Nilikuwa nimepiga hesabu: zimebaki kilomita tano, na medali zinatolewa mpaka saa sita kamili. Nitafika. Nilishaanza kutabasamu nilipoona kanga imevutwa kama kamba kukatisha barabara toka upande hadi upande, na katikati amesimama shangazi Nyamizi na wanawake wenzake, kapu kubwa miguuni pake. Waliosimamia njia walikuwa wanacheka kando.

“Mgogo, simama. Babu zetu walipita kwenu wakilipa kila kisima. Wewe unapita kwetu bure?”

Nikamsihi. Nikamwambia muda unaniishia, hongo nitalipa jioni.

“Hivyohivyo ndivyo alivyosema babu yangu, mkamzuia siku nne.”

Wanawake wakapiga vigelegele. Nikauliza basi anataka nini. Hapo akasogea, na sauti yake ikashuka kidogo, si sana.

“Si kitu cha mkononi. Nataka neno moja la kweli. Ile miguu iliumwa, au haikuumwa?”

Nyuma yake alisimama Tabitha na chupa ya maji, na kando yake mama mkwe. Tabitha alitazama chini. Swali lile angeuliza mtu mwingine lingekuwa tusi. Likitoka kwa mtani, unaweza kulipokea kama mzaha, ukajibu mzaha, ukapita. Angeniachia, najua. Kanga ingeshushwa, medali ningeipata, na Jumapili kanisa lote lingeimba kwa ajili ya miguu yangu. Nilitazama saa. Kisha nikamtazama Tabitha.

“Haikuumwa,” nikasema. “Niliogopa safari. Nilikuwa natengeneza banda la kuku.”

Mama mkwe alishika kidevu.

“La kuku wangapi?” shangazi akauliza.

“Sita.”

“Sita.” Akawageukia wenzake. “Mnasikia? Kanisa zima tumeshindwa na kuku sita.”

Aliyeanza kucheka ni mama mkwe, na wengine wakamfuata. Mimi nikataka kupita, shangazi akanizuia kwa kidole kimoja: hongo ya ukweli nimeilipa, imebaki ya kuchelewa. Wakanitwika kapu la michembe, viazi vikavu, kichwani, nilibebe mpaka nyumbani kwake, mwendo wa kama kilomita moja na nusu, njia hiyohiyo ya mbio. Leo, akasema, Mgogo ndiye mpagazi.

Nilibeba. Sikuweza kukimbia, nilitembea kama mtu aliyebeba mayai ya serikali. Waliobaki nyuma yangu, ambao sikujua kama wapo, wakanipita. Baada ya hatua mia hivi Tabitha akaja pembeni, akaninywesha maji kwa mkono wake.

“Nyoosha shingo, kaka,” akasema. “Utamwaga.”

Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu nifike. Baada ya kapu kushushwa hakurudi. Alivua ndala, akazishika mkononi, akaenda nami zile kilomita zilizobaki, akinieleza mambo ya mtoto wake, ya kazi, ya Maganga anavyokoroma. Tulifika uwanjani saa sita na dakika kumi na nne. Lango la mwisho, lile la plastiki la kujazwa upepo, walikuwa wamelitoa hewa, limelala chini kama ng'ombe mgonjwa. Tukaliruka wote wawili. Medali zilikuwa zimeshafungwa kwenye boksi.

Jumapili, kanisani. Mama mkwe alisimama kweli. Aliwaambia waumini kwamba walikosea ombi, wangeombea kichwa. Kanisa zima likageuka kunitazama, nikapunga mkono.

Baada ya ibada tulibaki na Tabitha mlangoni. Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza, siku ya harusi nani alimwingiza kanisani. Mama hakuwahi kunieleza, na mimi sikuwahi kuuliza.

“Nilisimama hapa, nikangoja,” akasema. “Mama akaanza kulia. Akainuka shangazi Nyamizi kutoka viti vya wakwe, akavuka upande wetu, akanishika mkono. Akawatangazia watu: watani wangu wamekwama njiani, mzigo wao naubeba mimi.”

Jumatatu asubuhi nilipanda basi la kurudi. Vichaka vya Mgunda Mkali vilipoanza nilikuwa macho, sijashika kiti cha mtu. Nilikwenda Tabora nikidhani nakwenda kudaiwa na wenye kinyongo, kumbe kwa miaka mitatu watu niliowakwepa walikuwa wameubeba mzigo wangu, na walichonitoza ni neno moja na kilomita moja na nusu ya viazi. Babu zangu walitoza zaidi. Aprili mtoto wa Tabitha anabatizwa. Nimeshakata tiketi, na shangazi Nyamizi ameniagiza nimletee jogoo mmoja kutoka kwenye lile banda.