Mkanda Nilioupaka Sabuni

Nakumbuka Alhamisi moja kule Ibra, Omani, mwanangu, nilipofurahi mashine imenyamaza, kumbe ule ukimya ndio ulionitia mashakani. Unacheka? Cheka, lakini kaa usikilize.

Nilikuwa kijana, nimetoka Tabora na Kiswahili changu cha bara. Nilifanya kazi na Ami Khalfan, mzaliwa wa Unguja, mwenye gari la kusafishia mazulia. Nyuma ya gari kulikuwa na injini iliyozungusha mikanda miwili: mmoja uliendesha pampu ya kurusha maji, wa pili uliendesha mashine ya kuyanyonya. Ami alikuwa akinitania kwamba naongea kama mtu anayegombana, lakini kazi alinifundisha kwa moyo mweupe.

Siku ile tulikwenda kuosha zulia la sabla, ule ukumbi wa mtaa ambamo watu hukaa kwa harusi na kwa matanga. Baada ya laasiri Bwana Seif alikuwa akimwoza binti yake humo, na wageni wa upande wa bwana harusi walikuwa njiani kutoka Sur.

Sasa, tangu jana yake mkanda wa kunyonya ulikuwa ukilia kila tukiwasha injini. Ulikuwa umelegea, na Ami aliniambia niukaze. Bolti zilikuwa na kutu, nami nilijiona mjanja. Nikachukua kipande cha sabuni, nikausugua, ukanyamaza kimya. Ami akauliza, "Umeukaza?" Nikamjibu, "Tayari, Ami." Uongo mtupu, tena kwa mtu aliyeniamini.

Zulia lilikuwa na madoa ya kahawa ya miaka, kwa hiyo tulililowesha lote kwanza, uchafu ulegee. Tulipoanza kunyonya nikasikia harufu ya mpira unaoungua, kisha mkanda ukakatika paa! Wa akiba hatukuwa nao. Ilikuwa imeshapita saa saba, maduka ya vipuri yote yamefungwa, na hayafunguliwi mpaka baada ya laasiri.

Bwana Seif akaingia, akakanyaga zulia, maji yakamtoka katikati ya vidole. Akanyanyua kanzu yake.

"Khalfan, wallahi, wageni wangu watakaa wapi?"

Ami aliokota mkanda uliokatika, akaunusa, kisha akaniangalia. Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke. Nilijua kazi nimeshaipoteza, lakini aibu ndiyo iliyoniuma zaidi.

"Ni mimi, Ami," nikasema. "Sikuukaza. Niliupaka sabuni."

"Mkanda unakwambia unaumwa, wewe unauziba mdomo!" akasema. "Kukugombeza nitakugombeza, lakini si saa hizi. Haya niambie, sasa hivi tuna haja ya kurusha maji?"

"La, Ami. Maji yapo tele."

"Basi fungua mkanda wa pampu."

Mikanda ile ilikuwa ya namba moja, kipimo kile kile, na mimi kwa woga wangu sikuliona hilo. Tukaufungua ule mzima, tukafuta sabuni yote kwenye puli, lile gurudumu linalobeba mkanda, tukauvisha upande wa kunyonya. Safari hii nilizikaza bolti mpaka mikono ikaniuma, na Ami akaubonyeza mkanda kwa kidole gumba kuhakikisha. Injini ikanguruma, maji yakaanza kupanda. Wahenga wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Siku ile tuliyazoa, nikasema alhamdulillah kwa sauti ya juu kama mwendawazimu.

Tulifungua milango yote, joto la Ibra likamalizia. Kabla ya adhana Ami akanituma nikamweleze Bwana Seif kosa langu mwenyewe. Mzee yule alivua viatu, akatembea ukumbi mzima, akautazama unyayo wake. Mkavu.

"Wewe huondoki," akaniambia. "Utakaa ule halwa ya harusi hii."

Niliila, tena nimekaa juu ya zulia lile lile. Ami naye alitimiza ahadi yake: alinigomba tangu tunatoka Ibra mpaka tunaingia Izki, mwendo wa saa nzima, na kazini hakunitoa.

Nakwambia haya kwa sababu jana nimekusikia ukimjibu mkubwa wako wa kazi kwenye simu, "Kila kitu tayari," na uso wako haukusema hivyo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kinacholia kikaze, mwanangu, usikipake sabuni. Na ukikosea, sema mapema, maana mtu mwenye hofu peke yake haoni kwamba mkanda wa pili upo. Anayekupenda atakugomba, lakini atakushikia spana kwanza.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi wa kukiri, akuzungushie watu wa namna ya Ami Khalfan, na riziki yako aitie baraka. Amin. Haya, simu yako hiyo hapo. Mpigie mkubwa wako.