Dume Jeusi Kwenye Fomu

Shangazi yangu alianza kudondosha sindano msimu ule wa mavuno. Tulikuwa vibarua wa kushona magunia kwenye mashamba ya ngano ya serikali, huku Hanang, na yeye ndiye aliyeshona haraka kuliko sisi wote. Sasa vidole vilikuwa vinakufa ganzi. Hakuwa na mtoto, alikuwa na mimi tu, na mimi nikiacha kazi kumuuguza tungekula nini? Niliogopa, nisiseme uongo.

Shamba lilikuwa na mfuko wa bima ya matunzo. Mwanachama akifika mahali hawezi kuoga wala kula mwenyewe, mfuko unamlipa mtu wa kumhudumia nyumbani, hata kwa miaka. Wa ajira ya kudumu walikuwemo wote. Vibarua waliruhusiwa kuingia kama kikundi tu, tena siku ya kuandikwa kila mmoja awe bado anafanya kazi. Kwa hiyo tulikuwa tunakimbizana na vidole vya shangazi.

Tukaenda kwa afisa utumishi, wanawake kumi na wanane, tumejipaka mafuta. Akamwamkia shangazi, "Shikamoo mama," kisha akafungua kanuni.

"Kikundi kilichoundwa ili kipate bima hakikubaliki. Lazima kiwe kilikuwepo kabla, kwa shughuli nyingine. Nyie shughuli yenu ilikuwa ipi?"

"Kushona magunia," nikasema.

"Hiyo ni kazi ya shamba, siyo ya kikundi. Mna katiba? Mna muhuri?"

Muhuri! Sisi tunaokutana kwenye nyasi! Machozi ya hasira yakanilengalenga. Shangazi akaegemeza mkono mezani, ule wa vidole vya ganzi.

"Mwanangu," akasema, "lile dume lako jeusi ulimpa nani?"

Jamani, yule baba alinywea! Mwaka uliotangulia aliendesha gari la ofisi hadi mlangoni kwa mwenzetu aliyejifungua siku tatu tu, akampigia kelele atoke aende kazini. Kwetu mwanamume akimkosea mwanamke aliyejifungua, wanawake hukaa kikao chao, wanaume hawasogei, na faini ni dume jeusi la ng'ombe. Tulikaa kutwa nzima, na alilipa. Kikao hicho bibi zetu walikikalia kabla mtu hajapanda ngano hapa.

"Basi hiyo ndiyo shughuli yetu," shangazi akasema. "Andika: kuwatoza faini wanaume wakorofi."

Afisa alicheka mpaka akavua miwani. Halafu kicheko kikakatika. Fomu ilitaka shahidi asiye mwanachama, aliyewahi kushughulika na kikundi, yaani yeye mwenyewe, na maelezo yake yapigwe chapa. Mpiga chapa wa ofisi ile alikuwa mkewe, naye alikuwa ameambiwa na mumewe kwamba dume lile lililiwa na fisi.

Alimtazama shangazi, akautazama ule mkono. Akavuta pumzi, akaita, "Mama watoto, njoo na mashine."

Akawa anasema, mkewe anapiga. Mashine ikafika kwenye dume jeusi, ikanyamaza.

"Fisi, eeh?" mkewe akauliza.

Tulicheka mbavu zikauma. Lakini alimaliza kupiga, akagonga na muhuri wa ofisi kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki iliyofuata alikuja kwenye nyasi zetu kumshtaki mumewe kwa uongo. Shangazi ndiye aliyeongoza kikao. Dume la pili hatukulitaka. Tulimtoza kibuyu cha maziwa kila Jumapili kwa mwaka mmoja, akipeleke yeye mwenyewe kwa shangazi, kwa miguu.

Mikono ya shangazi ilikufa kabisa baada ya mavuno mawili. Mfuko ulimlipa jirani yetu, akamwosha na kumlisha miaka sita, nami nikaendelea kushona magunia. Jumapili ya mwisho ya uhai wake, afisa alifika na kibuyu, akapiga goti, akamshikia kikombe mdomoni. Mwaka wa faini ulikuwa umekwisha zamani. Sisi hatukumkumbusha, naye hakuuliza.