Kaka Yangu Alishushwa Dutwa

Katika kazi yetu ya kupakia lori la maduka, kitu cha kwanza unachofundishwa ni kupanga kwa kurudi nyuma. Mzigo wa duka la mwisho ndio unaoingia kwanza, unasukumwa mpaka nyuma ya kabini. Wa duka la kwanza unakaa mlangoni. Ukikosea, utashusha bidhaa za watu wote barabarani ili ufikie katoni moja ya sabuni. Kaka yangu ndiye aliyenifundisha hivyo, pale Bariadi, kwenye lori lile lile nitakalolisema hapa. Alisimama ndani ya bodi akinipokea, na nikimpa kitu cha Dutwa, kituo chetu cha kwanza, kabla ya cha Nassa, cha mwisho kule ziwani, aliniuliza, "Wewe, Dutwa imehamia ziwani lini?"

Alikufa kwa homa ya mapafu, hospitalini. Kwa kufa kwake sina wa kumlaumu. Hasira yangu ni ya siku ya kumpeleka nyumbani.

Kwetu ni Nassa. Mama alikuwa huko, miguu haimruhusu safari, na hakuwa amemwona kaka tangu msimu wa pamba uliopita. Aliomba jambo moja tu: aletwe mapema, amwone uso kukiwa na mwanga, asizikwe kwa tochi za simu. Tajiri mwenye lori alikuja msibani, akakaa mkekani na watu, akasema, "Huyu alikuwa mtoto wangu. Gari lipo. Msihangaike kukodi." Watu wakamshukuru. Ndugu waliokuwa wameanza kutafuta gari wakaacha, wakatangulia kwa basi. Tukabaki mimi na shangazi.

Asubuhi, mochwari, lori likaja limejaa. Viroba vya unga, madumu ya mafuta ya kula, kreti za soda, vyote vimefungwa kamba na turubai juu. Mlangoni palikuwa pameachwa nafasi ya upana wa jeneza, kama unavyomwachia mtu nafasi ya kabati lake.

"Tajiri kasema tunapitia tu maduka," dereva akasema. "Si njia ni ile ile?"

"Baba, huyu ni mtu," shangazi akamwambia.

"Najua ni mtu, shangazi. Na mimi ni mtu, nimetumwa."

Nilitaka kukataa. Lakini mpaka tupate gari jingine jua lingekuwa limekwenda, na mama alikuwa anasubiri. Tukampandisha. Kaka yangu, ambaye kituo chake kilikuwa cha mwisho kuliko vyote, akawekwa mlangoni, mahali pa mzigo wa duka la kwanza. Yeyote aliyewahi kupakia lori anajua maana yake.

Dutwa, lori likasimama mbele ya duka. Dereva akafungua mlango wa nyuma, akasema, "Tushushe hicho kwanza."

Alisema hicho.

Tukamshusha. Tukamweka barazani juu ya kreti tupu, kati ya mifagio na ndoo za plastiki. Akina mama waliokuwa wakinunua chumvi wakasogea pembeni, wakajifunika vichwa. Mwenye duka akatoka.

"Mmeniletea nini hapa?"

"Unga wako na mafuta," dereva akajibu.

"Nauliza hicho."

"Ni kaka yangu," nikasema. "Yule aliyekuwa anakushushia mzigo kila wiki."

Yule mwenye duka akavua kofia. "Yule mtani wangu?" Akamgeukia dereva. "Ungeniambia ningelala bila unga."

Lakini dereva alikuwa ameshaanza kubeba, na mimi nikabeba. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo nikilikumbuka: kupita na kiroba begani pembeni ya ndugu yangu, kwenda na kurudi, vumbi la unga likimwangukia. Shangazi alikaa chini kando ya jeneza akiwafukuza inzi. Kisha tukampandisha tena, mlangoni pale pale, maana mzigo uliobaki ulikuwa wa Lamadi na Nyashimo.

Tulipofika Lamadi niliwahi kupanda nyuma kabla dereva hajashuka, nikakaa juu ya kreti, mkono juu ya jeneza.

"Hashuki," nikasema.

"Usinitie matatani, bwana mdogo."

"Kituo chake ni Nassa. Atashuka mara moja."

Dereva akampigia tajiri, akaniwekea simu kwa sauti kubwa ili nimsikie mwenyewe. Tajiri akaongea kwa upole kabisa. "Mwanangu, tumia busara. Wateja wanasubiri. Marehemu hana haraka."

Marehemu hana haraka! Mtu aliyemwita mtoto wake mbele ya watu. Na mama yangu aliyekuwa amekaa mkekani tangu alfajiri akitazama barabara, naye hana haraka?

Makuli wa Lamadi walikuwa wamekaa kwenye mikokoteni yao, na simu ile walikuwa wameisikia. Mmoja wao, mtu mzima, gunia limekunjwa begani, akasogea.

"Huyo si yule wa Bariadi, anayepanga soda huku anatukana timu yangu?"

"Ndiye."

"Anashukia wapi?"

"Nassa."

"Nassa, halafu mmemweka mlangoni?" Akamtazama dereva kama unavyomtazama mtu aliyepanga saruji juu ya trei za mayai. "Nani kapakia gari hili?"

Yule mzee akapiga mluzi, wenzake wakaja. Walifungua turubai, wakapanda kwa ubavu, wakapitisha mzigo wote juu kwa juu, wa Lamadi na wa Nyashimo pia, wala jeneza hawakuligusa. Bodi ilipobaki tupu, ndipo wakamsukuma kaka taratibu mpaka nyuma ya kabini, wakamtandikia turubai, wakamfunga kamba vizuri.

"Na mzigo wa Nyashimo?" dereva akauliza.

"Utaukuta hapa ukirudi. Mpeleke mtu kwao."

Tulifika Nassa jua likiwa bado juu ya ziwa. Mama alimwona uso. Kisha akapitisha kiganja kwenye mfuniko, akakitazama.

"Huu ni unga?"

"Ni unga, mayu," nikamjibu mama.

Baada ya maziko msemaji wa familia alisimama kutoa shukrani. Akafika kwa tajiri, "aliyetoa gari lake kwa moyo wa pekee." Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Nikasimama.

"Samahani. Gari lilikuwa linapeleka unga na soda. Kaka alishushwa Dutwa ili mzigo upite. Waliomfikisha hapa mchana ni makuli wa Lamadi. Shukrani ziende kwao."

Baba mdogo akanivuta shati. "Kaa chini. Hapa si mahali pake."

"Mwacheni amalize," mama akasema.

Nikasema nimemaliza.

Kwenye lori lile sikurudi. Bariadi wapo wanaosema nilimwaibisha mtu aliyetusaidia, na tajiri bado anasimulia jinsi alivyompeleka kijana wake kwao. Nikiwepo, huwa namuuliza mbele ya watu walewale: "Dutwa alishuka kufanya nini?"

Matanga yalipokwisha, mama alinifungia gunia la michembe, viazi alivyovikausha mwenyewe, niwapelekee wale wa Lamadi. Kwenye basi konda alitaka kulitupa nyuma na mizigo mingine. Nikalipakata mpaka Lamadi.